Mume Aliyejibu Baat

"Miaka tisa nipo barabarani," Nhem Kosal alitangaza siku ya harusi ya dada yake, maikrofoni mkononi, shingo imemwiva kwa bia, "na sijawahi kumwambia mtu hapana! Mteja, ndugu, jirani, hata mbwa wa jirani! Aliyewahi kukataliwa na Kosal na asimame!"

Meza thelathini na mbili, hakusimama mtu. Glasi ziligongwa, bendi ikampigia ngoma ya kumsindikiza kitini, na mjomba mmoja akatumia nafasi hiyo hiyo kumwomba amwekee magunia manne ya mpunga uani kwake. Kosal alikubali kabla makalio hayajagusa kiti. Mkewe, Thea, alikuwa meza ya tatu akimtoa samaki miiba. Hakupiga makofi. Aliendelea kumtoa samaki miiba hata baada ya miiba kwisha.

Tusimwonee Kosal. Hapana ni kweli hakuwahi kuisema, ila hata ndiyo hakuwa akiisema sana. Neno lake lilikuwa "baat". Mwanamume mwenye adabu katika mji wa Siem Reap ndivyo anavyojibu: ukimwita, baat, ukimwuliza, baat, ukimwambia pikipiki yake inavuja petroli, baat. Maana yake nimekusikia, nipo, endelea. Kama ndani yake kuna ndiyo, mtaikuta huko mbele ya safari. Lakini neno hilo ni la nje, kama viatu, halivuki kizingiti. Nyumbani, kwa mkeo, unaguna tu "eu", basi, na mguno huo una mapenzi kuliko barua ya kurasa nne. Mume akimjibu mkewe baat, ujue anamtania, au kuna mkwe nyuma ya pazia.

Na pazia lenyewe lilikuwepo. Baada ya harusi dada yake Kosal na mumewe, Vichet, waliomba kujishikiza siku mbili tatu. Baat. Mwezi wa tano huo, chumba kimekatwa katikati kwa shuka la maua: upande huu Kosal na Thea, upande ule maharusi pamoja na jogoo wa kupigana wa Vichet, ambaye hakulala nje kwa kuhofiwa wivu wa majirani. Jogoo aliwika saa tisa usiku. Vichet alikoroma mpaka jogoo awike. Thea alimwomba mumewe jambo moja tu katika ndoa nzima, awaambie waondoke, na mumewe alimsikia kwa adabu zote. Wiki tatu zilizopita Thea alikunja nguo zake akaenda kwa mama yake, huko Puok.

Siku yenyewe sasa ilianza saa kumi na nusu alfajiri, nje ya hosteli mojawapo ya bei ya chini mjini. Jana yake Kosal alikuwa amemnasa stendi ya mabasi kijana mmoja Mslovakia, Ondrej, miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwekundu kama aliyechemshwa. Ilikuwa siku yake ya kwanza na alitaka kuona mahekalu yote: jua likichomoza Angkor, kisha Bayon, kisha Ta Prohm, kisha Banteay Srei huko mbali, na jua likizama kilimani Bakheng. Kwa dola kumi na nane. Madereva wengine walicheka mpaka wakakohoa. Kosal akasema baat.

Kijana alitoka na shanta kubwa kama jokofu.

"Nahama," alieleza. "Nimepata hosteli yenye feni tu, nafuu zaidi. Lakini wanafungua jioni. Begi likae kwenye tuktuk yako, hakuna shida?"

"Baat."

Ondrej akatoa mnyororo, akaupitisha kwenye chuma cha kiti cha kile kigari kinachovutwa na pikipiki, akapiga kufuli, akavaa ufunguo shingoni. Alifanya yote hayo huku anaomba radhi.

"Siyo kwamba sikuamini, kaka. Ni mtandaoni wameandika."

"Wameandika nini?"

"Tusiwaamini madereva."

"Baat," akasema Kosal, wakaondoka.

Saa kumi na mbili jua lilichomoza kama lilivyoahidi. Ondrej alikuwa ukingoni mwa bwawa pamoja na watu elfu mbili walioinua simu. Kosal alikuwa maegeshoni, mguu mmoja juu ya tangi la pikipiki, simu yake ilipoita. Thea. Mara ya kwanza katika wiki tatu.

"Umeamka?"

"Nipo Angkor. Nina mteja."

"Sawa. Nisikilize, bong, maana sitarudia." Bong ni kaka mkubwa, na ndivyo wake wa huko wanavyowaita waume zao wakiwa bado wanawapenda. "Binti wa mama mdogo amenipatia nafasi Phnom Penh, kiwanda cha nguo. Mkataba mwaka mmoja. Basi dogo linaondoka soko la Puok saa tisa alasiri. Mama anasema niende. Binamu anasema niende. Wewe tu hujasema kitu. Nakuuliza wewe. Niende?"

Wakati huo huo bwana mmoja Mfaransa alimgonga Kosal begani akitaka kujua choo kilipo. Kosal akaelekeza kwa kidole, na mdomo wake, uliokuwa kazini tangu alfajiri, ukawajibu wote wawili kwa mpigo:

"Baat."

Huko Puok kuku alilia, akanyamaza.

"Umesemaje?"

"Thea, siyo hivyo, kuna mtu hapa alikuwa..."

"Umenijibu baat. Mimi." Sauti haikupanda, afadhali ingepanda. "Mwaka wa saba nakufulia soksi, leo nimekuwa mtalii. Nikupige picha basi? Haya. Kama hutaki niende, njoo uniambie kwa mdomo wako kabla ya saa tisa. Siyo kwa simu. Na siyo kwa hilo lineno lako la maegeshoni."

Simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Kutoka Angkor mpaka Puok ni saa moja ukikaza. Mtu mwingine angejihesabia saa nane za ziada, akanunua kahawa. Kosal aligeuka akaliangalia lile shanta. Lilikaa kwenye kiti cha nyuma, nene, limefungwa mnyororo, kama mfungwa anayemlinda askari wake. Akienda Puok, anaenda nalo. Akienda nalo, kabla ya mchana mtandao mzima utasoma kwamba wameandika kweli. Alijaribu kuivuta kufuli. Kufuli ya Ujerumani. Ilimcheka.

Basi, akajiambia, akitoka tu bwawani namweleza. Sentensi yenyewe fupi: mke wangu anaondoka, lazima niende. Mtoto wa chekechea anaiweza.

Ondrej alirudi saa moja na nusu, macho yanang'aa.

"Kaka! Sijui niseme nini. Nimefanya kazi ghala la matairi miezi kumi na moja ili nione kile kitu. Nimelia, unajua? Mbele za watu!"

Utamwambiaje mtu aliyelia?

"Bayon?" akauliza Ondrej.

"Baat."

Bayon ikala saa mbili. Yale mawe yana nyuso zaidi ya mia mbili na Ondrej alitaka kutazamana na kila moja. Kosal alikaa juu ya pikipiki akifanya mazoezi ya sentensi yake kwa sauti ya chini, mpaka mwuza nazi akamwuliza kama ana homa. Ilipofika zamu ya kuisema, Ondrej alimwahi.

"Unajua ninachokupendea? Hunikimbizi. Yule dada wa hosteli alisema madereva wote wana haraka. Wewe huna haraka, sivyo?"

Sentensi ilifika kwenye meno. Ikageuza.

"Baat," akasema Kosal, na akatamani kuung'oa ulimi wake autupe kwa nyani.

Ta Prohm walifika saa tano. Ondrej alishukia mlango wa mashariki, akasema, "Dakika arobaini! Nitatokea mlango wa magharibi, unisubiri kule," akamezwa na lile hekalu lililokabwa na mizizi. Kosal akazunguka hadi magharibi, ambako madereva wenzake walikuwa wamening'iniza vitanda vyao vya kamba ndani ya tuktuk, wamelala kama popo walionona.

"Eee, huyo Bwana Kumi-na-nane!" akaita Veasna, mkubwa wao, tumbo wazi, kofia usoni. "Mbona unatoka jasho na hujafanya kazi?"

Kosal akamweleza. Kwa Veasna maneno yalitoka yote, kwa mpangilio, pamoja na saa.

"Sasa tatizo liko wapi, mdogo wangu? Akitoka nampakia mimi. Namzungusha mpaka Bakheng, namrudisha, namfunika shuka. Wewe nenda kwa mkeo."

"Begi lake limefungwa kwenye tuktuk yangu."

"Fungua."

"Ufunguo anao shingoni."

Veasna akatoa kofia usoni, akainuka kwa viwiko, akaliangalia shanta. Akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akawaamsha wengine, maana jambo kama lile si la kulifaidi peke yako.

"Njooni mwone! Watu hufunga ng'ombe kwenye mti. Huyu amefungwa kwa mzungu!"

"Na bado alimpunguzia bei," akasema mwingine.

"Kikate chuma cha kiti, Kosal. Uende umesimama."

"Mkewe akimwona na begi kubwa hivyo atadhani anahamia kwake!"

Wakacheka, lakini Veasna hakucheka mpaka mwisho. "Ingia umfuate," alisema. "Saa sita hii, dakika arobaini zake zimeshapita. Wewe ni mtu wa hapa, nani atakuuliza tiketi? Mshike mkono, mwambie. Mzungu siyo chui."

Kosal akaingia. Kwa miaka tisa alikuwa amewaleta watu mpaka mlangoni, lakini ndani hakuwa amekanyaga tangu shule ya msingi, na Ta Prohm siyo mahali pa kuingia na haraka. Ukumbi ulimtoa kwenye ua, ua ukamtoa kwenye ukumbi mwingine uliojaa mawe mpaka darini, akarudi, akakuta mlango aliopita siyo ule. Mizizi minene kama mapaja ilishuka ukutani, imeshika paa lisianguke, au imeshika paa lisikimbie. Yeye hakuona tofauti. "Ondrej!" aliita. Wachina arobaini wenye kofia za njano wakageuka. Akaingia kwenye ujia mwembamba, mgongo unagusa huku, kifua kinagusa kule, mbele yake bibi mmoja anapiga picha jani. Hakuweza kumwambia asogee. Alisubiri. Bibi akapiga jani upande wa pili.

Alipotoka nje jua lilikuwa limeshapita utosini, na mlango aliotokea ulikuwa wa mashariki. Akazunguka ukuta wote kwa miguu, mbio, viatu mkononi. Huko magharibi Ondrej alikuwa ameketi kando ya shanta lake, anamenya yai la kuchemsha.

"Ulikuwa wapi, kaka? Nakusubiri nusu saa nzima! Niliwauliza wenzako, wakacheka tu."

Veasna, nyuma yake, alimfanyia Kosal ishara kwa mikono miwili: sema. Sema sasa.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Kosal akavuta pumzi.

"Sasa Banteay Srei?" akauliza Ondrej, akimpa nusu ya yai.

"Baat," akasema Kosal, mdomo umejaa yai.

Veasna akairudisha kofia usoni.

Barabara ya Banteay Srei inaelekea kaskazini mashariki. Puok iko magharibi. Kila mzunguko wa gurudumu ulimla mara mbili, na Kosal aliijua hesabu hiyo mwenyewe, na bado mkono wake ulikaza mpini wa mafuta kama mkono wa mtu mwingine. Nyuma yake Ondrej aliimba. Wakapita bwawa la Srah Srang. Wakapita ng'ombe. Walipofika Pradak, pale wanawake wanapochemsha sukari ya mitende kando ya njia, moshi mtamu ukamwingia puani, na Thea ndiye aliyekuwa akinusa moshi ule akisema simamisha, bong, tununue ya moto. Kila mara. Na kila mara alikuwa na mteja nyuma.

Kosal akafunga breki. Tuktuk ikaserereka, shanta likarukia mbele na kuvutwa na mnyororo wake. Akashuka, akaenda nyuma, akasimama mbele ya kijana wa watu.

"Te," akasema.

"Nini?"

"Te. Hapana. Banteay Srei hapana. Jua kuzama hapana." Sasa yalikuwa yakitoka kama mchele gunia likipasuka. "Mke wangu anaondoka. Saa tisa. Puok. Anaenda mwaka mzima. Nisipofika hapo nisiposema, anaenda. Nilitaka kukuambia asubuhi. Begi lako limefungwa. Ulilia. Ukanipa yai."

Ondrej akainama mbele kutoka kitini.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu saa kumi na mbili."

"Na hukusema? Kaka! Kwa nini hukusema? Ningekuambia twende, pale pale! Mimi nina tiketi ya siku tatu!" Akapiga kiti kwa kiganja. "Endesha! Unangoja nini, endesha!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango ambao Kosal alikuwa ameusukuma siku nzima ulikuwa hauna hata komeo. Hilo halikumpa nafuu yoyote. Njia nzima hakugeuka nyuma.

Alipita katikati ya mji kwa njia za uchochoroni, akachukua barabara kuu ya magharibi nyuma ya malori ya mihogo, vumbi mdomoni, Ondrej amelikumbatia shanta lake akipiga kelele za kutia moyo kwa Kislovakia. Saa tisa kasoro dakika sita waliingia soko la Puok.

Basi dogo la kijivu lilikuwa bado lipo, godoro juu, pikipiki nzima imefungwa kamba mlango wa nyuma, watu kumi na wanane ndani pa watu kumi na wawili. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya dirisha la pili, anampepea binti yake kwa kipande cha boksi. Alimwona mkwewe kwanza, halafu kilichoshuka nyuma yake.

"Mkwe," alisema, "umekuja kumfuata mke au umeleta mzungu aone soko?"

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Wahi."

Thea alikuwa dirishani. Alikuwa amepaka poda, na nywele amezibana kwa kibanio kipya ambacho Kosal hakukijua. Hakumtazama usoni, alitazama vumbi la nguo zake, kisha viatu, ambavyo bado vilikuwa havijafungwa kamba tangu Ta Prohm.

"Thea," akasema Kosal. "Sitaki uende."

Alisema kwa sauti mpaka wauza mboga wakaacha kunyunyiza maji. Ndani ya basi mama mmoja akasema, "Haya, si amesema! Shuka, binti, mimi nipate pa kuweka mguu." Wengine wakacheka. Thea alishusha macho, na mkono wake ukaenda kwenye mpini wa begi lililokuwa miguuni. Kosal aliuona ule mkono. Ulishika.

"Nikishuka," akasema Thea polepole, "leo nalala wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani upande upi wa pazia?"

Dereva akawasha gari.

"Dada yako na Vichet na jogoo wao," Thea akaendelea, bado kwa sauti ile ya chini. "Wanatoka leo? Sikuulizi kesho. Tukifika tu, unawaambia, mimi nimesimama mlangoni nasikia?"

Kosal akafungua mdomo. Alikuwa ameshasema hapana mara moja siku ile, kwa mgeni kabisa, na mbingu haikuanguka. Lakini huyu alikuwa dada yake. Mwaka wa mafuriko Kosal alimbeba mgongoni kwenda shule, maji yanamfika kifuani, naye juu anamshika masikio asianguke. Akilini alimwona akikunja lile shuka la maua. Alimwona mama yao amekaa pembeni, hasemi neno, kama anavyojua kutosema neno.

"Wiki ijayo," akasema. "Nitatafuta namna ya kuwaeleza vizuri. Unajua mama yangu naye, ukimshtukiza..."

Thea aliinua macho, akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza. Hakukasirika. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu wa kaunta.

"Chaa," akasema.

Hiyo ndiyo baat ya wanawake. Mwenye duka humwambia mteja.

Akaachia mpini wa begi, akafunga kioo. Mama mkwe akainuka, akasogeza kigoda chake tairi lisikikanyage, na basi likatoka sokoni kwa honi, godoro likiyumba juu.

Ondrej alisogea, ufunguo unaning'inia kifuani.

"Imekuwaje? Amesemaje?" akauliza. "Mbona alikuwa anatabasamu?"

Kosal alisimama mpaka vumbi likatua, kisha akatembea hadi kwenye meza ya tiketi, chini ya mwavuli wa matangazo ya bia. Basi jingine lilikuwa kesho yake, saa ile ile. Aliomba kiti kimoja, Puok hadi Phnom Penh, dola tisa.